Mikono Inayolinda Moyo: Mazoezi Baada ya Kuumia Uti wa Mgongo

Kijitabu cha elimu ya afya kwa watu wa nyumbani

Nyumba nyingi zenye mtu aliyeumia uti wa mgongo zina zoezi moja la kila siku. Asubuhi, baada ya kuoga, anayemuuguza humlaza chali, huukunja mguu mmoja, huunyoosha, huhamia wa pili, na humalizia kwa kumkanda mafuta ya nazi. Kisha mwenyewe huwekwa kwenye kiti mwendo, husogezwa barazani, na hapo hushinda mpaka jioni. Jirani akiuliza, jibu ni moja: "Mazoezi anafanya kila siku."

Kunyoosha huko kuna kazi yake. Kiungo kisipokunjwa hukakamaa, na goti likishakakamaa hata kumvalisha suruali huwa vita. Lakini moyo haunufaiki mguu unapokunjwa na mtu mwingine. Msuli usiojikaza wenyewe hauhitaji damu zaidi, na usipohitaji damu, moyo hauna sababu ya kuongeza kasi. Aliyefanya mazoezi asubuhi ile ni mama yake, au mkewe, au dada wa kazi. Ndiye aliyetoka jasho.

Zoezi tunalolizungumzia humu ni lile ambalo mwenye jeraha hulifanya mwenyewe, kwa misuli aliyobaki nayo, mpaka pumzi ipande. Halirudishi miguu, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, kwa sababu familia nyingi hukata tamaa miezi inapopita na vidole vya miguu havijasogea. Walikuwa wanapima kisichohusika. Vya kupima ni presha, sukari, pumzi, usingizi, na akili inavyokaa sawa mchana kutwa.

Moyo baada ya ajali

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Kwetu Afrika Mashariki ajali za barabarani, bodaboda zikiwemo, na kuanguka kutoka juu, iwe mnazini, mwembeni au kwenye jengo linalojengwa, ndizo sababu zinazojulikana zaidi. Wanaoumia wengi ni vijana, hasa wanaume.

Zamani watu hawa hawakuishi muda wa kutosha hata kuugua moyo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wengi walioumia mgongo walikufa mapema kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliwageuza wagonjwa kitandani usiku na mchana ili wasipate vidonda, kisha akawapa michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948 askari 16 waliokuwa kwenye viti mwendo walishindana kulenga shabaha kwa pinde na mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Michezo ya Paralimpiki ya leo ilichipukia hapo. Vidonda na mkojo vikidhibitiwa, mtu anazeeka na jeraha lake. Hapo ndipo moyo unapoingia katika orodha ya vinavyoua zaidi.

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio. Ndiyo inayochoma sukari nyingi mtu akitembea. Ikinyamaza, sukari hubaki kwenye damu, mwili huanza kutosikia insulini, na kisukari hupata mlango. Lehemu nzuri, ile inayosafisha mishipa, hushuka. Misuli ya miguu ikisinyaa mafuta huchukua nafasi, hasa tumboni. Ndiyo maana mizani hudanganya: mtu ana miguu myembamba kama ya mtoto, watu wanasema amekonda, kumbe ndani ya tumbo mafuta yamejaa. Kwa watu kwa jumla, uwiano wa uzito na urefu ukifika 30 ndipo daktari husema ni unene wa hatari. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo wataalamu huanza kuingiwa na wasiwasi ukifika 22. Mtu wa urefu wa mita 1.70 hufika hapo akiwa na kilo 64 hivi, uzito ambao barazani hakuna atakayeuita unene.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia takwimu za afya za watu zaidi ya 60,000 nchini Kanada, ulikuta kwamba uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa moyo kwa wenye jeraha la uti wa mgongo ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa watu wengine, na wa kiharusi karibu mara nne, hata baada ya umri na jinsia kuzingatiwa.

Herufi na namba kwenye karatasi ya hospitali

Tafuteni karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Mahali fulani pameandikwa herufi na namba: C ni pingili za shingo, T za kifua, L za kiuno. Hiyo herufi na namba yake ndiyo inayoamua mazoezi yafanywe kwa tahadhari gani, kwa hiyo kila mtu mzima wa nyumba aijue kwa kichwa.

Neva zinazouambia moyo uongeze kasi hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua. Jeraha likiwa shingoni, amri hiyo haishuki. Neva inayouambia moyo upunguze kasi hupita njia nyingine kutoka kwenye ubongo, nayo imebaki nzima. Matokeo yake ni moyo wenye breki usio na mafuta. Aliyeumia shingo anaweza kujitahidi mpaka uso unakunjamana, na mapigo yake yasivuke 110 hadi 130 kwa dakika, mahali ambapo kijana mwingine angefika 180. Kwa hiyo msimpime kwa kuhesabu mapigo, wala saa ya mkononi isiwatishe au kuwafariji. Mpimeni kwa pumzi na kwa maneno yake mwenyewe, kama tutakavyoeleza.

Aliyeumia kiunoni au kifua cha chini ana bahati upande huu: moyo wake hupokea amri zote, na mapigo hupanda kama ya mtu yeyote.

Ubongo nao

Familia huja kliniki na malalamiko yanayofanana. Anasahau. Ukimtumia ujumbe anajibu nusu. Alikuwa hodari wa hesabu za duka, sasa chenji inamchanganya. Wanamalizia kwa kusema ana mawazo. Mawazo anayo, nani asingekuwa nayo, lakini mara nyingi si mawazo peke yake.

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Unataka damu ifike bila kukatika. Kwa mwenye jeraha la juu, presha hushuka kila anapoinuliwa kutoka kitandani, kwa sababu mishipa ya miguu na tumbo haijikazi kuisukuma damu irudi juu. Siku hiyohiyo, kibofu kikijaa, presha inaweza kupanda kwa kishindo. Mishipa ya damu inayoishi hivyo miaka na miaka, ndani ya mwili usiosogea, hukakamaa kama mpira wa kumwagilia bustani uliosahaulika juani, na ile midogo ya ubongoni ndiyo huumia kimyakimya.

Zipo sababu nyingine za kuchunguza kabla ya kulaumu huzuni. Ajali iliyovunja mgongo mara nyingi iligonga na kichwa, na hospitali iliyokuwa ikihangaika na mgongo huenda haikupata nafasi ya kukiangalia. Dawa za kulegeza misuli na za maumivu ya neva huleta usingizi na uzito wa kichwa. Maambukizi ya mkojo huvuruga akili. Halafu kuna kukoroma. Waliopooza kuanzia shingoni wengi mno hukatikiwa pumzi usingizini mara kwa mara, usiku kucha, bila kujua. Asubuhi huamka na kichwa kinauma na mchana wanasinzia wakiwa kwenye kiti. Anayelala chumba kimoja naye ndiye shahidi. Amsikilize usiku mmoja, na akisikia mkoromo unaokatika, kimya, kisha kuhema kwa nguvu, amweleze daktari hivyo hivyo.

Mazoezi husaidia sehemu kubwa ya haya. Mikono ikifanya kazi kwa nguvu damu huongezeka kasi mwili mzima, ubongo ukiwemo. Mwili hutoa kemikali zinazolisha chembe za ubongo, usingizi hutulia, na moyo wa huzuni hupata nafuu. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, watu wenye jeraha la uti wa mgongo walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi tisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba, wakilinganishwa na ambao hawakufanya, walikuwa na nguvu zaidi, na maumivu, msongo na huzuni vilikuwa vimepungua.

Kiasi kinachotosha

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, likiongozwa na Kathleen Martin Ginis wa Kanada, lilitoa mwongozo kwa watu wazima wenye jeraha la uti wa mgongo. Ni mwongozo wa huruma. Ili kupata pumzi na nguvu: dakika 20 za zoezi la kupandisha pumzi, mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, kila kundi la misuli inayofanya kazi lipate mizunguko mitatu. Ili kuulinda moyo na kuzuia kisukari: dakika 30 za kupandisha pumzi, mara tatu kwa wiki. Dakika 90 kwa wiki nzima. Mechi moja ya mpira.

Pumzi ipande kiasi gani? Mwambie azungumze. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko mahali pa kati, panafaa. Akiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta hewa, yuko juu. Akiimba mpaka kiitikio, ongezeni kasi. Njia nyingine ni kumwomba atoe alama za ugumu kuanzia 0, amepumzika, hadi 10, hawezi tena. Lengeni 5 hadi 7. Kwa aliyeumia shingo alama hizi ni za kuaminika kuliko mapigo.

Anayeanza asianze na 20. Dakika tano zenye kupumzika katikati zinatosha wiki ya kwanza. Aliyefanyiwa upasuaji wa kufunga vyuma mgongoni asianze kabla daktari hajasema mfupa umeshika.

Uani, na tyubu ya baiskeli

Vifaa vya gharama si lazima. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tyubu, fundi anaweza kuwapa bure ukiwa umetoboka. Ukateni kwa urefu, uosheni vumbi, kisha uzungusheni kwenye nondo ya dirisha au mti, kimo cha kifua. Kiti kielekee mti, breki zifungwe, jiwe liwekwe mbele ya kila gurudumu kubwa. Kama hawezi kujishika kiwiliwili, mfungeni kanga pana kifuani na kwenye mgongo wa kiti, isiyobana tumbo. Ashike ncha mbili, avute viwiko kurudi nyuma mpaka mabega ya nyuma yakaribiane, ahesabu mbili, aachie taratibu. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja au mbili, arudie hadi mizunguko mitatu. Zile za mwisho ziwe ngumu kweli. Akimaliza huku anasimulia hadithi, kunjeni tyubu iwe mara mbili.

Aliye na vidole visivyoshika afungwe tyubu kwenye kifundo cha mkono juu ya kitambaa laini, na kitambaa kitazamwe kila mzunguko, kwa kuwa hatahisi kikimkata.

Kuvuta kuna thamani kubwa kuliko kusukuma. Kutwa nzima mtu wa kiti anasukuma: anasukuma magurudumu, anasukuma mwili kujiinua kitandani. Misuli ya mbele ya kifua inakuwa na nguvu na kukaza, ya nyuma inabaki dhaifu, na bega linavutwa mbele na kusagika. Kwa kila zoezi moja la kusukuma, fanyeni mawili ya kuvuta.

Kwa kupandisha pumzi, njia nyepesi ni barabara yenyewe, mahali palipo sawa: uwanja wa shule jioni, sakafu ya kanisa, ukumbi wa kata. Dakika moja kwa kasi, mbili polepole, arudie. Palipo na mchanga au kilima, njia nyingine zipo. Kurusha ngumi hewani akiwa amekaa. Kupiga ngoma, na hapa simaanishi kugusagusa; mpiga ngoma wa kwaya anayeongoza nyimbo nne mfululizo amefanya zoezi kamili. Kufua kwa mikono pia kunahesabika, almuradi beseni liwe juu ya meza na si mapajani.

Mwenye uwezo kidogo aende kwa fundi wa kuchomelea na fremu ya baiskeli kuukuu. Sehemu ya pedeli ikikatwa na kuchomelewa kwenye kisimamo kizito, pedeli hugeuka za mikono. Ekseli yake iwe kimo cha bega au chini kidogo, kamwe isiwe juu ya bega. Kipande cha mkanda wa ngozi kinachosugua gurudumu dogo huongeza ugumu kwa kukazwa. Kifaa hicho hukaa barazani, mvua inyeshe isinyeshe, na watoto watakigombania.

Bega ndilo goti lake

Mtu anayetembea kwa mikono akiharibikiwa na bega amepoteza mguu mwingine. Maumivu ya bega huwapata wengi wanaotumia kiti mwendo kwa miaka, na mengi yanazuilika.

Angalieni upepo wa tairi kila wiki. Tairi laini humfanya asukume mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na hakuna dawa ya kuchua itakayoshinda hilo. Mfundisheni msukumo mrefu na mlaini: mkono unashika pete ya gurudumu nyuma, unasukuma mpaka mbele, kisha unaachwa udondoke chini ya pete na kurudi nyuma kwa utulivu. Wengi hupiga misukumo mifupi mingi, kama wanaopalilia. Kitanda na kiti vikiwa kimo kimoja, kuhama ni kuteleza na si kujinyanyua. Fundi seremala akate miguu ya kitanda mara moja, mabega yapumzike miaka yote.

Presha: dharura mbili, tiba mbili zinazopingana

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe kwa sauti, watu wote wakiwepo.

Dharura ya kwanza ni kushuka. Mtu ameinuliwa au amemaliza zoezi, macho yanaingia giza, anapiga miayo, uso unapauka, anaweza kuzimia. Mlazeni, au kiegemezeni kiti nyuma na mtu akishike, na miguu iinuliwe. Hupita baada ya dakika chache. Ili kuzuia, ainuliwe kwa hatua: mto, kisha mito miwili, kisha miguu kuning'inia, ndipo kiti. Mkanda wa tumbo na soksi za kubana husaidia, na maji ya kutosha pia. Wengi hunywa maji kidogo ili wasisumbue na mkojo. Hapo ndipo wanapojiangusha.

Dharura ya pili humhusu mwenye C yoyote, au T1 hadi T6. Kuna kitu kinachousumbua mwili chini ya jeraha, mtu hakihisi, lakini mwili unajibu kwa kukaza mishipa ya damu yote ya chini, na ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza. Presha yake ya kawaida ni ya chini, pengine 90 kwa 60, na inaruka ghafla. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake tayari ni hatari, hata kama namba inaonekana nzuri kwa mtu mwingine. Dalili: kichwa kinagonga kwa nguvu, uso na shingo vinaiva na kutoka jasho, pua inaziba, vinyweleo vinasimama, macho yanaona ukungu, mapigo yanapungua. Inaweza kuleta kiharusi au kifafa, na inaweza kuua.

Huyu msimlaze. Mkalisheni wima, miguu ining'inie chini. Fungueni mkanda, viatu, soksi, kila kinachobana. Kisha tafuteni chanzo mkianza na mkojo, kwa sababu ndio chanzo mara nyingi zaidi: mpira wa mkojo umejikunja? Mfuko umejaa? Umeziba? Kama hutumia mpira wa kuingiza na kutoa, mwondoeni mkojo sasa hivi. Mkojo ukiwa sawa, fikirieni choo kigumu, kidonda, ukucha uliozama nyamani, mkunjo wa nguo aliokalia. Pimeni presha kila dakika tano. Chanzo kisipopatikana, au kikiondolewa na kichwa kikaendelea, nendeni hospitali akiwa amekaa wima, na mseme mlangoni kwamba hii ni presha ya ghafla ya jeraha la uti wa mgongo, kwa maana si kila zamu imewahi kuiona.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kila zoezi kibofu kimwagwe na mfuko uangaliwe. Wapo wanamichezo waliowahi kujiletea hali hii kwa makusudi, kwa kubana mpira wa mkojo au kujiumiza mguu, ili presha iwape kasi uwanjani. Paralimpiki imepiga marufuku. Nalitaja kwa sababu vijana husikia na kujaribu.

Joto, ngozi na mifupa

Chini ya jeraha mwili hautoi jasho inavyopaswa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, saa nane mchana, mtu wa shingo anaweza kuchemka ndani huku ngozi ya miguu ni kavu kabisa. Mazoezi yawe alfajiri au baada ya alasiri, kivulini, na kanga iliyoloweshwa shingoni. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika, acheni zoezi, mmwagieni maji, mpepeeni.

Baada ya zoezi, nguo iliyolowa ibadilishwe na ngozi ya makalio itazamwe. Vitabu vingi husema tafuteni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuteni sehemu iliyoiva kuliko jirani zake au yenye rangi ya zambarau, kisha guseni kwa mgongo wa mkono: ina joto? Imekuwa ngumu, au laini kupita kiasi? Ikibaki hivyo nusu saa baada ya kulala upande, asikalie mahali hapo mpaka ipone, na mazoezi yahamie kitandani. Katikati ya zoezi na siku nzima, kila dakika 15 hadi 30, ainame mbele kifua kikaribie mapaja kwa dakika moja au mbili, damu ipite.

Mifupa ya miguu hupoteza uimara mwingi katika miaka ya kwanza, hasa karibu na goti. Anayenyoosha asilazimishe. Mguu ukivimba ghafla, ukiwa na joto, acheni kila kitu na mwende hospitali: yaweza kuwa mvunjiko, damu iliyoganda, au mfupa unaoota mahali pasipo pake, na kuukanda kunaweza kuua. Na kukanda kwa maji ya moto kwenye ngozi isiyohisi, hata kama bibi anasisitiza, hapana. Majeraha ya moto ya namna hii huchukua miezi kupona.

Msaada unaodhuru

Anayempenda humsukuma mpaka mezani. Anamletea maji, anamvalisha, anamwinua. Kwa miezi ya mwanzo ni lazima. Baadaye kila kazi anayoondolewa ni zoezi aliloporwa, na wanaomwondolea ni watu wema kuliko wote. Mwachieni umbali kati ya chumba na meza, hata kama atachukua dakika sita na ugali unapoa. Wageni huona ni ukatili. Waelezeni mara moja, inatosha.

Mama mzazi ndiye hupata shida zaidi na ushauri huu. Mpeni kazi nyingine: awe mshika saa.

Kuhusu chakula nitasema machache. Mwili usiotumia miguu unahitaji chakula kidogo kuliko ulivyozoea, kwa hiyo ugali upungue, mboga na maharage viongezeke, na badala ya soda za kumpooza moyo wageni walete matunda. Chumvi msiifuate ya jirani mwenye presha ya kupanda. Mwenye jeraha la juu na presha ya kushuka huenda daktari wake akasema tofauti. Sigara iondoke.

Siku ya kliniki

Hospitali zenye uzoefu wa majeraha haya zipo: KCMC mjini Moshi, Taasisi ya Mifupa Muhimbili Dar es Salaam, na hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi. Palipo mbali, kituo cha afya cha kawaida kinaweza kupima mengi. Angalau mara moja kwa mwaka ombeni kipimo cha sukari na lehemu, na presha ipimwe amekaa na amelala. Tumbo lipimwe kwa utepe akiwa amelala, kila mwezi, nyumbani, utepe uleule.

Mwelezeni daktari kwamba kifua chake kinaweza kisiume hata moyo ukishambuliwa. Mwenye jeraha la juu huweza kuwa na pumzi fupi tu, jasho lisilo na sababu, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, au misuli kukakamaa kuliko kawaida. Dalili hizo zikija katikati ya zoezi na zisiondoke kwa kupumzika, ni safari ya hospitali, si ya kulala.

Mwandikieni kadi ngumu, ifunikwe kwa plastiki: herufi na namba ya jeraha, mwaka alioumia, presha yake ya kawaida amekaa na amelala, dawa na vipimo vyake, aina ya mpira wa mkojo, namba ya simu ya ndugu. Nyuma yake muandike: "Kichwa kikigonga, nikalisheni wima, angalieni mkojo." Ifungwe kwa uzi kwenye kiti, isiwekwe kabatini.